Bibi Mpima Maji na Kompyuta Yangu

Kila alipofika dukani kwangu, kabla hajaketi, Bibi Mpima Maji aliniomba maji ya kunywa, na kabla hajayameza alikuwa ameshayatolea hukumu. "Haya ya kisima cha msikitini." "Haya ya bomba, yamelala kwenye ndoo siku mbili." Mara moja tu nilimshuhudia akikosea, na siku hiyo aliniambia kosa ni la kikombe changu, hakikuoshwa sawasawa. Nina duka la steshenari hapa Kibiti, hatua chache kutoka stendi. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na wateja wangu wengi huingia na kutoka bila hata kuliangalia benchi. Yeye benchi lile alilikalia saa nzima, na ulimi wake ulikuwa na kazi mbili, kuonja na kunisema.

Alizaliwa wapi na ukoo wake upi, siwezi kukwambia. Sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza. Kwao ni deltani, kijiji cha wakulima wa mpunga kwenye mkono mmoja wa Rufiji, na kwa miaka yote niliyomjua kila mtu alimwita kwa kazi yake. Kazi yenyewe aliachiwa na watafiti fulani waliofika huko, wakasimika ukingoni nguzo yenye alama za sentimita, wakampa daftari na saa ya mkononi, wakamwambia aandike kila siku maji yamejaa saa ngapi na yamefika alama ipi, yamekupwa saa ngapi na yamebaki alama ipi. Mradi ukaisha, watafiti wakaenda zao. Bibi akaendelea kuandika miaka kumi na moja, madaftari kumi na mawili.

"Waliniambia niandike," alinijibu nilipomuuliza sababu. "Hawakurudi kuniambia niache."

Hilo lilikuwa jibu la kumfukuza mtu mdadisi, kwa sababu sababu ya kweli ilikuwa shamba. Kijijini kwao wanawake kama ishirini wanalima mpunga pamoja, kwenye shamba lililo chini kidogo ya usawa wa mto, lililozungushiwa tuta la udongo lenye lango moja la mbao. Bahari inapopanda huyasukuma mbele yake maji ya mto, kwa hiyo yanayotangulia kuingia shambani ni matamu, na mpunga unayanywa. Nyuma yake inafuata chumvi. Mlinda lango kazi yake ni kuyaacha matamu yaingie, kisha afunge kabla chumvi haijafika. Akiwahi mno mpunga unakauka, akichelewa unaungua. Na siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kuchelewa kidogo tu kunatosha kumaliza msimu. Bibi alitazama nguzo, akachovya kidole, akakiramba, akasema "fungeni," na lango likafungwa.

Misimu miwili iliwahi kupotea, na yote miwili hakuwepo. Wa kwanza alikuwa amelazwa kwa malaria. Wa pili alikwenda kumzika dada yake huko Mtawanya, akakaa matanga siku tatu, aliporudi akaukuta mpunga umekuwa wa manjano. Hakuna aliyemlaumu mdomoni. Yeye alijilaumu kwa niaba ya wote ishirini, na tangu hapo hakulala tena nje ya kijiji. Kibiti alikuja siku za maji mafu tu, yale madogo yasiyo na hatari, na siku hiyohiyo akarudi.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa mambo ya ukweli. Umri wake alinitajia kuwa sitini nilipomjazia fomu ya kwanza, na miaka minne baadaye, kwenye fomu nyingine, ukawa sitini vilevile. Nilipomtazama akaniambia niandike, kwani ninamlea mimi? Lakini kwenye madaftari yake hakuna tarakimu moja ya kubuni. Siku aliyokisia aliandika amekisia. "Mamba kalala chini ya nguzo, nimesoma kwa mbali." "Mvua kubwa, alama haionekani vizuri." Kuna ukurasa mmoja nilioucheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Nafasi ya vipimo ilikuwa tupu, na pembeni ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Sikuenda. Nilikasirika."

Halafu ukarimu wake nao ulikuwa na mipaka isiyoeleweka. Angekuachia kapu la samaki wakavu bila kusubiri asante, lakini kalamu yake hakumwazima mtu. Madaftari aliyafunga kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya ndoo yenye kifuniko, na ndoo haikutoka mkononi mwake hata ndani ya boti. Nilipoyahitaji alinipa moja. La pili nililipata niliporudisha la kwanza, baada ya kulikagua ukurasa kwa ukurasa kama nimelitia doa la chai. Nililitia, kweli, la tano, na wiki hiyo niliitikiwa salamu kwa kichwa tu.

Niliyahitaji kwa nini? Hapo ndipo pana habari.

Bibi alikuwa anapofuka. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali walimwambia unaondolewa, tena vizuri tu, lakini aende Dar es Salaam, apasuliwe jicho moja kwanza, kisha la pili, na akae huko wiki sita. Alinisimulia huku anacheka, kicheko ambacho hukutamani kukisikia mara mbili.

"Wiki sita ni bamvua tatu, baba. Nirudi naona vizuri, nione nini? Shamba la manjano?"

"Bibi, si wapo wenzio?"

"Wapo. Walikuwepo na mara zile mbili."

Nguzo alikuwa ameshaanza kuisoma kwa vidole, akiingia majini mpaka mapajani na kupapasa mikato ya alama, mahali ambapo yeye mwenyewe ameandika kwamba mamba hulala. Niliposikia hivyo nikaanza kutafuta njia. Wakati huo alikuwepo hapa Kibiti mwanafunzi wa chuo, binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, akichapisha ripoti zake kwangu. Nilimweleza habari za madaftari, macho yakamtoka. Akaniambia ipo programu ya bure ya kisayansi, imeandikwa kwa Python, unailisha vipimo vya maji vya miaka, inachambua mwendo wake, kisha inakutabiria kujaa na kupwa kwa siku zijazo, mwaka mzima ukitaka. Akaniandikia jina lake kwenye kipande cha karatasi, akamaliza mafunzo yake, akaondoka. Na mimi kwa mdomo wangu mpana nikamwambia Bibi nitamtengenezea kalenda ya maji, wenzake wafunge lango kwa kuitazama, yeye aende akatibiwe.

Alinitazama kwa yale macho yenye ukungu. "Ukinidanganya," alisema, "mimi nimeshazoea. Mpunga haujazoea."

Watu hudhani kuweka programu kwenye kompyuta ni kubonyeza "endelea" mpaka kompyuta ichoke. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwanza nilitakiwa kuiweka Python yenyewe, ile lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta yangu ya Windows. Kisha pip, ambaye ni kama mtumishi wa Python wa kwenda mtandaoni kuleta vitu, ailete programu ya maji pamoja na nyingine zinazoishikilia. Nikawasha intaneti ya simu, nikapakua, nikabonyeza endelea, endelea, maliza. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika jina la pip kwa madaha, Bibi amekaa nyuma yangu. Kompyuta ikajibu kwa Kiingereza.

"Inasemaje?"

"Inasema haimtambui pip."

"Na huyo pip yumo?"

"Yumo, Bibi. Nimemweka mwenyewe sasa hivi."

"Basi umepitisha mgeni dirishani, mwenye nyumba hana habari naye. Rudi mlangoni ukabishe hodi."

Nikarudi mwanzo, safari hii nikausoma ukurasa wa kwanza. Jamani, chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo cha kutia alama, kinachoiambia Windows njia ya kumfikia Python na watu wake. Sikukitia alama kwa sababu sikukiona, na sikukiona kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana fundi. Kuanzia siku ile Bibi alinipiga marufuku kubonyeza chochote bila kwanza kumsomea kwa sauti, kwa Kiswahili. Nikawa nasoma. Wateja wakija kutoa kopi wanatukuta, mimi natafsiri masharti ya leseni, bibi kizee anatikisa kichwa na kusema, "Hapo sawa, endelea."

Alikuwa na namna yake ya kuzikabili habari mbaya, na niliijua vizuri siku ya pili ya kazi. Pip sasa alitambuliwa, akaanza kuleta vifurushi kimoja baada ya kingine, mistari ikikimbia, mimi nashangilia kama niko uwanjani. Ghafla ukurasa mzima ukawa mwekundu. Maneno mekundu juu mpaka chini, yanapanda hayaishi. Nikataka kufunga kompyuta.

"Soma," akasema Bibi.

"Haya hakuna anayeyasoma, Bibi. Ni makelele."

"Mtu akipiga makelele mengi hivyo ana neno moja tu analolitaka. Mara nyingi analisema mwisho. Lisome la mwisho."

Nikashuka mpaka mstari wa mwisho kabisa. Ulisema kuna kipande hakijatengenezwa tayari kwa toleo la Python nililoweka, kwa hiyo kompyuta ilijaribu kukiunda yenyewe, na zana za kukiunda haina. Mimi kwa ulafi nilikuwa nimechagua toleo jipya kuliko yote, lililotoka karibuni, wakati watunga vifurushi bado hawajalifikia. Nikamweleza. Hakuniacha nimalize.

"Sasa wewe mpunga uliovunwa jana unaupikia pilau? Mchele mpya si unakuwa bokoboko? Chukua uliokaakaa kidogo."

Ndicho nilichofanya. Niliondoa kila kitu nikaanza upya, nikachukua toleo la nyuma kidogo, nikatia alama kisandukuni, na nikaitengenezea programu ya maji chumba chake peke yake ndani ya kompyuta ili isigombane na wengine. Bando likaniishia kifurushi kikubwa kikiwa karibu kumalizika, nikakimbia kununua vocha bila viatu. Nikairudisha intaneti. Mstari wa mwisho safari hii ulikuwa mweupe, umeandikwa kwamba vyote vimewekwa salama. Niliruka! Sina haya kusema niliruka, nikagonga kichwa kwenye rafu ya karatasi, na Bibi ambaye hakuona vizuri kilichotokea akasema "Alhamdulillahi" kwa yote mawili.

Kuingiza vipimo kulinichukua wiki nyingi, kila nilipopata nafasi katikati ya kopi na picha. Siku nilipovilisha kwenye programu na mchoro ukatokea, nilimpigia simu aje. Ulikuwa mstari wa bluu unaopanda na kushuka bila kuchoka, ukijaza kioo. Bibi alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa, hakuona kitu. Nikakishika kidole chake, nikakipitisha juu ya mstari taratibu. Juu, chini, juu, chini, kila mara juu kidogo zaidi, mpaka akanisimamisha.

"Hapa imepanda kupita zote. Bamvua hiyo."

"Ndiyo, Bibi."

"Na sasa inanywea. Inakwenda maji mafu." Akakirudisha kidole mwanzo wa mstari. "Baba we, hili daftari langu limesimama linatembea."

Ukiona vyaelea vimeundwa, nilijiambia, na safari hii nimeviunda mimi. Nikachapisha kalenda ya mwaka mzima, siku za bamvua kwa wino mwekundu na saa ya kufunga lango kando yake, saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, kama Bibi alivyoelekeza. Nikaitia plastiki isilowe. Nikafunga duka siku ya bamvua, nikaipakata kompyuta ndani ya mifuko miwili ya nailoni, nikapanda bodaboda mpaka kwenye boti, na boti mpaka kwao, nikiwa nimevaa shati la Idi. Nilitaka kuwaonyesha wote nguzoni, kwa hiyo saa za kalenda sikumtajia mtu kabla. Kalenda ilisema siku hiyo maji yatajaa saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Saa tano na dakika ishirini tulisimama ukingoni, kina mama wote wa shamba, Bibi, na mimi na karatasi yangu. Mbele yetu palikuwa na matope. Mitumbwi imelala ubavu, kaa wanapita wanatafuta riziki, na maji yako kule mbali, kidogo, katikati ya mkondo. Yalikuwa yamekupwa kuliko siku yoyote ya wiki hiyo.

Mama Mwenyekiti, kiongozi wa kikundi, mwanamke mwenye sauti ya kutosha mashamba mawili, ndiye aliyetangulia kusema. "Fundi, labda maji yako yamekosa gari, yamelala njiani, Nyamwage."

Wakacheka, wakashikana mabega kwa kucheka. Mimi nilitamani yale matope yanimeze na shati langu. Si aibu tu. Nilijua kwamba kitanda cha hospitali kilikuwa kimeshapangiwa tarehe, na kwamba Bibi sasa hataenda, si mwezi ule wala kamwe, na kosa ni langu. Yeye peke yake hakucheka. Aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi.

"Fungua hiyo kompyuta," akasema. "Nisomee siku ya kwanza kabisa ya daftari la kwanza. Niliandika nini?"

"Maji yamejaa saa kumi na moja jioni."

"Na wewe kwenye mashine ukaandika nini?"

"Hivyohivyo, Bibi. Kumi na moja, na alama ya jioni."

"Wale watafiti," alisema polepole, "waliponipa saa niliwaambia mimi saa yangu ya kwanza ni jua likishachomoza. Wakaniambia zao zinaanza kuhesabiwa katikati ya usiku. Tukachekana, wakaniambia andika zako. Sasa huyo mtu wako wa ndani ya mashine, saa kumi na moja jioni kwake ni lini?"

Mimi niliyezaliwa na saa hizi! Simu yangu ikiandika 7:00 nasema saa moja, ikiandika 11:20 nasema saa tano na dakika ishirini, maisha yangu yote, wala sijawahi kuhisi kwamba ninatafsiri. Sisi sote hapa tunafanya hivyo bila kufikiri, kama kufumba jicho vumbi likija. Kompyuta haifanyi. Nimeiandikia kumi na moja ya jioni, ikaelewa ni usiku mkubwa. Nimeiandikia saa moja asubuhi, ikaelewa ni usiku kabla ya jogoo. Vipimo vya miaka kumi na moja, kila kimoja nimekisogeza saa sita. Na kutoka kujaa mpaka kukupwa, maji yanatumia saa ngapi? Saa sita! Ndiyo maana palepale nilipotabiri maji yamejaa pomoni, palikuwa na kaa.

Nikamweleza haraka haraka, maneno yakigongana. Mama Mwenyekiti akasema basi ni uongo mtupu, kalenda ikatupwe.

"Si uongo," akasema Bibi, na alikuwa amesimama. "Mwongo leo anakosea hivi, kesho vile. Huyu amekosea sawasawa kila siku miaka kumi na moja. Huyo ni mgeni tu, hajaambiwa desturi. Mwambie!"

Nikamwambia, hapohapo, kompyuta magotini, kina mama wameniinamia mpaka nikakosa hewa. Saa za asubuhi nikaziongeza sita, za mchana na jioni nikazipunguza sita, nikahakiki siku chache za mfano huku Bibi akiitikia. Nikaiendesha programu tena. Mstari wa bluu ukatoka upya, na palipokuwa na kilima pakawa na bonde. Siku hiyo, ilisema sasa, maji yatajaa saa kumi na moja na dakika ishirini na tano jioni.

Tulikula wali, tukaswali adhuhuri, tukaswali alasiri, wala hakuna aliyekwenda kwake. Maji yakaanza kurudi. Yakaifikia mitumbwi, yakainyanyua mmoja mmoja, yakaikwea nguzo alama kwa alama. Saa kumi kasoro kidogo Bibi alichovya kidole, akaramba, akasema lango lifungwe, na Mama Mwenyekiti aliyekuwa ameshika simu mkononi na kalenda iliyosahihishwa kwa kalamu akapiga kelele kwamba ndiyo saa iliyoandikwa! Maji yakasimama saa kumi na moja na nusu. Dakika tano tu. Kina mama walipiga vigelegele mpaka vijana waliokuwa wakivuta nyavu ng'ambo wakauliza nani kaolewa.

Bibi alikwenda Dar es Salaam wiki iliyofuata. Nilichapisha kalenda upya, na kwa ombi lake nikaandika saa zetu kwa maneno, si kwa tarakimu. Stendi aliniamuru jambo moja. "Usinipigie simu, na yeyote asinipigie. Nikisikia habari mbaya nitatoroka na bandeji usoni. Nitaisikia nikirudi." Nilimwahidi. Wiki sita zile nilizihesabu mimi kuliko yeye. Kila siku ya wino mwekundu sikuweza kula, nilikaa dukani nikiitazama saa ya kompyuta kuanzia alasiri, nikiwaza nimekosea nini kingine nisichokijua, mpaka Mama Mwenyekiti alipopiga simu.

Siku aliyorudi ilikuwa katikati ya asubuhi, jua kali. Nilimwona akishuka kwenye basi kwa kushika chuma cha mlango, amevaa miwani myeusi mikubwa ya hospitali, ndoo yake mkono wa kushoto, begi kulia. Nikamkimbilia nikampa shikamoo. Hakuitikia.

"Mpunga?"

"Umesimama, Bibi."

"Wa kina nani?"

"Wote. Bamvua zote tatu zimepita. Ile ya pili maji yalibakiza kiganja kufika juu ya tuta. Mama Mwenyekiti ameonja nje, chumvi. Ameonja ndani, matamu. Umeanza kutoa masuke."

Akavua miwani. Macho yale yalikuwa safi, meusi, sikuwahi kuyaona hivyo, na yalinitazama usoni kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana, na nadhani ndivyo ilivyokuwa.

"Nani aliyesema fungeni?"

"Hakusema mtu, Bibi. Walitazama kalenda, saa ikafika, wakaenda wakafunga."

Akaliweka begi chini, akalikalia, palepale katikati ya stendi, abiria wakimzunguka, bodaboda wakimpigia honi. Nikachuchumaa mbele yake, nikidhani ni kizunguzungu cha safari. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Nimefurahi," alisema. "Usinitazame hivyo, nimefurahi, wallahi. Na hapohapo naona kama nimefiwa. Usiniulize kipi kimetangulia."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ukingo wa mtandio, na nikakumbuka kile cheti cha hospitali alichonisomea kwenye simu mwanawe aliyemuuguza Dar es Salaam, kwamba macho yasiguswe, yasiingie vumbi, asilie.

"Bibi, si daktari kakukataza kulia mpaka yapone?"

"Daktari hana shamba," alinijibu, akaendelea kulia.